Kiingereza Kikikukauka Mdomoni

Mtu yuko jikoni, nazi imeshakunwa, mikono imejaa machicha, anamwambia mwenzake: "Hebu nipe hiyo nanihii, ile ya kuchujia." Mwenzake anampa kifumbu. Tui linachujwa, wali unapikwa, na hakuna anayesimama kumuuliza kwa nini hakulitaja jina la kifumbu. Kiswahili kimetupa "nanihii" kwa kazi hiyo hasa, na tunaitumia kutwa bila haya.

Mtoe mtu huyohuyo jikoni, mvalishe shati lililopigwa pasi, mkalishe mbele ya meza ya usaili. Neno moja la Kiingereza likimponyoka, amekwisha. Anakodolea macho dari, anakuna kichwa, anasema "aah, aah", na yote aliyokuja kuyasema yanakwama nyuma ya neno hilo moja.

Vijana wangu, nimekaa upande wa pili wa meza ile kwa miaka mingi. Nimeona watu wenye akili zao wakikosa kazi kwa neno ambalo walilijua tangu zamani. Mmoja alikuwa kijana wa uwakala wa forodha, mtu ambaye nyaraka za bandarini angeweza kukupangia gizani. Aliulizwa kwa nini gharama za mteja hupanda wakati mzigo umeshashushwa melini. Jibu alikuwa nalo. Wenye meli hutoa siku kadhaa za bure, na zikipita huanza kutoza kila siku ambayo kontena linakaa. Tozo hiyo kwa Kiingereza ni "demurrage", na mawakala wanasema demareji asubuhi hadi jioni. Siku hiyo ikaja "demarcation", yaani uwekaji wa mipaka. Kijana akajua siyo. Akajaribu tena, ikarudi ileile. Mara ya tatu ikaja "demolition", nayo ni kubomoa. Akanyamaza, akatoa leso. Wajumbe ambao hawakuwa watu wa bandari wakaandika kwamba kazi haijui. Lau angesema, hata kwa Kiingereza cha shule ya msingi, kwamba ni ile fedha wanayotoza wenye meli siku za bure zikiisha, angekuwa amejibu swali na kupita.

Yaliyomkuta yana maelezo. Mwaka 1966 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roger Brown na David McNeill, walichapisha utafiti wao juu ya hali hii hasa. Waliwasomea wanafunzi wa chuo maana za maneno ya Kiingereza yasiyosikika mara kwa mara, wakawaambia watafute neno lenyewe. Maana mojawapo ilikuwa ya chombo ambacho mabaharia hupimia kimo cha jua na nyota wakiwa baharini. Neno lililotakiwa ni "sextant". Waliokwama nalo walileta majirani wa aina mbili. Wengine walileta majirani wa maana, kama dira na vyombo vingine vya kupimia. Wengine wakaleta majirani wa sauti: "secant", "sextet", "sexton". Na mara nyingi waliokwama waliweza kutaja herufi ya kwanza ya neno wasilolipata, hata idadi ya silabi zake. Kwa hiyo neno limo. Kinachokosekana ni sauti zake kamili, na jirani ameshika njia.

Huyo jirani ndiye ninayewaonya naye zaidi. "Sexton" ni mtumishi wa kanisa, na katika kazi zake za jadi imo ya kuchimba makaburi. Ukiridhika na jirani, utakuwa umemwambia nahodha apime nyota kwa mchimba makaburi. Waingereza wenyewe wamelicheka kosa hili tangu mwaka 1775, Richard Brinsley Sheridan alipomweka jukwaani Bi Malaprop, mama anayependa maneno makubwa na kuyatumia yale yanayofanana nayo tu. Jina la mama yule limekuwa jina la kosa lenyewe. Neno likija nawe moyoni unasikia kwamba silo, usilitumie kwa matumaini kwamba hawatagundua. Watagundua, na wasipogundua ni vibaya zaidi, maana wataondoka na habari ya uongo kutoka kwako.

Halafu kuna hili la kung'ang'ania, ambalo wazee wengi wenzangu wanawafundisha vibaya. Wanawaambia kaeni na neno mpaka lije, msishike simu, akili isije ikalala. Huko Kanada, katika Chuo Kikuu cha McMaster, Amy Beth Warriner na Karin Humphreys walilipima jambo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Waliokwama na neno waliachwa wahangaike, wengine sekunde 10, wengine 30, kisha wakapewa jibu. Siku mbili baadaye wakaulizwa tena. Walioachwa wahangaike kwa muda mrefu zaidi ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukwama tena palepale. Kile tunachokiita kujikumbusha kilikuwa kinawazoesha kupotea. Basi neno likigoma, tafuta, uliza, fungua simu, sina ugomvi na simu. Ugomvi wangu ni na mtu anayelipata neno, akalitazama, akasema "ee, hilo," akaifunga simu. Litamke kwa sauti, mara mbili tatu. Litie kwenye sentensi ya kazi yako. La sivyo kesho mtakutana palepale.

Na msije mkadhani Mwingereza hakwami. Anakwama. Ila ninyi mtakwama zaidi, na ni vizuri mjue sababu. Tamar Gollan wa San Diego, California, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba watu wa lugha mbili hukwama na maneno mara nyingi kuliko watu wa lugha moja. Maelezo yao ni mepesi: siku ina saa zilezile kwa kila mtu, na mwenye lugha mbili anazigawa, kwa hiyo kila neno linapata zamu chache za kutumika. Neno lisilotumika, njia yake kutoka kwenye maana kwenda kwenye sauti inalegea. Sasa mtoto aliyelelewa kwa Kisambaa, akasoma kwa Kiswahili, akafanyiwa mtihani kwa Kiingereza, mnamcheka kwa sababu gani?

Hapo ndipo wanaponiudhi vijana wanaokesha na orodha za maneno adimu kabla ya usaili ili wakamwage ung'eng'e. Neno lililokaririwa usiku wa manane na halijapata kutumika hata mara moja ndilo la kwanza kukimbia mtu akikutolea macho. Mnajipakia mzigo ambao hauna kamba. Chukueni maneno ya kazi yenu, yale mtakayoyasema kesho na keshokutwa, hayo mengine yaacheni vitabuni mpaka mtakapoyahitaji.

Na vitabuni yapo, tena kuna kitabu kilichotungwa kwa ajili ya mtu aliyekwama. Kamusi ya kawaida inataka uje na neno ikupe maana, na wewe shida yako ni kinyume. Daktari mmoja wa Uingereza, Peter Mark Roget, alianza mwaka 1805 kujiandikia orodha ya maneno yaliyopangwa kwa maana, ili imsaidie mwenyewe katika maandishi yake. Aliichapisha kuwa kitabu mwaka 1852, akiwa na miaka 73. Unaingia kwa wazo, unakuta maneno ya wazo hilo yamekaa pamoja, unapitisha jicho, na ukiliona lako unalijua papo hapo. Siku hizi simu inaifanya kazi hiyohiyo ukiiandikia maelezo marefu badala ya neno moja, lakini hakikisha jibu lake kwenye kamusi, maana nayo hukuletea majirani.

Ukikosa kitabu na simu, pitia herufi polepole, a, b, ch, ukizitamka. Sauti ya mwanzo ikiguswa, mara nyingine neno zima linafuata. Lisipofuata, endelea na shughuli nyingine.

Hata wale wa Oxford waliokusanya kamusi kubwa kuliko zote za Kiingereza walipotelewa. Walikuwa na vikaratasi kwa mamilioni, kila kimoja na neno lake na mfano wake, vimepangwa kwenye vijisanduku. Sehemu yenye herufi B ikachapwa miaka ya 1880, na baadaye ikaonekana kwamba "bondmaid", yaani mjakazi, halimo. Vikaratasi vyake vilipotea. Neno hilo lilingoja mpaka nyongeza ya mwaka 1933. Mhariri mkuu, James Murray, alikuwa ameshafariki tangu 1915.

Kuhusu sisi wazee, tunakwama kuwapita ninyi, na linalotushinda zaidi ni majina ya watu. Hilo nalo limepimwa, Deborah Burke na wenzake waliliandika mwaka 1991. Kwa hiyo nikikuita kwa majina ya kaka zako wote na la marehemu babu yako kabla sijafika kwenye lako, usisubiri nifike. Itika, uje uchukue hicho kikombe.