Ziwa Limefungwa, Mapaja Yanauma

Vuta kigoda ukae, mdogo wangu, maana kusema nikiwa nimesimama sasa kunanichosha. Nakuuliza mapaja yanaumia nini, unanijibu: wavu. Wavu gani? Ziwa limefungwa kwa uvuvi tangu mwanzo wa Desemba, na leo Februari iko katikati. Mtumbwi wako umelala kifudifudi Kashikishi, kuku wanataga chini yake. Jumanne ulipimwa malaria, haikuonekana. Hapa Nchelenge kila kiungo kikiuma tunaisingizia malaria, na mara nyingi hatukosei, ila safari hii haimo.

Kuna kidonge ulichoanza Novemba, kile cha kolesteroli. Wewe ulinificha, shemeji ndiye aliyeniambia. Tena unameza siku mbili, unaacha tatu, halafu unanunua dawa za maumivu sokoni kama mtu anayenunua karanga.

Sikufichi: dawa za aina ya kidonge hicho cha kolesteroli, statini, zinaweza kuumiza misuli. Maumivu yake kwa kawaida hushika pande zote mbili, mapaja yote au mabega yote, na huja zaidi katika majuma na miezi ya mwanzo, au dozi ikipandishwa. Bega moja la mpiga kasia ni la kasia hilo. Moja ya dawa hizo, serivastatini, iliondolewa sokoni mwaka 2001 baada ya watu kufa: misuli ilivunjika, mabaki yake yakaharibu figo. Kwa zilizobaki jambo hilo ni nadra sana. Lakini ukiona mkojo umekuwa kama chai ya rangi na mwili umelegea, usingoje kukuche. Kidonge kiache, nenda hospitali saa hiyohiyo. Kwetu huku mkojo wa namna hiyo waweza pia kuwa malaria kali; njia ya kwenda ni ileile.

Sasa sikia usilolipenda. Mwaka 2022 watafiti walikusanya majaribio makubwa ya statini, wakakuta kwamba katika kila watu kumi waliolalamikia misuli wakiwa wanaimeza, zaidi ya tisa maumivu yao hayakutoka kwenye dawa. Waliopewa kidonge kitupu nao walilalamika, karibu sawa na wenzao.

Mimi mwenyewe niliacha yangu kimya kimya, nikajiona mjanja. Mguu ukaendelea kuuma vilevile. Kumbe ni uti wa mgongo. Mwaka uliofuata, bila kidonge, kifua kikanibana mtumbwini nikitoka kisiwani Isokwe, na kijana aliyeshika kasia akaanza kunililia kabla sijafa.

Daktari ana mengi ya kufanya ambayo wewe na mimi hatuna: kupima damu kuona kama misuli inavunjika, kuangalia tezi ya shingo, kupunguza dozi, kusimamisha kidonge kwa majuma kadhaa aone, au kukupa statini nyingine. Ila hawezi kukisia unachomeza gizani. Ukitumia simvastatini, kisha ukaongezewa klarithromisini ya kifua, au ritonaviri iliyomo katika baadhi ya dawa za virusi, ini linashindwa kuivunja statini hiyo, inarundikana mwilini.

Basi kalete mfuko. Vidonge vyote, hata vya sokoni, na ile mizizi uliyoletewa kutoka Chiengi usiifiche chini ya godoro. Kesho alfajiri tunakwenda hospitali ya St Paul's. Tutatembea polepole, miguu yangu nayo si mizima.