Macho ya Mtoto Hayahitaji Betri

Kando ya barabara kuu itokayo Gilgil kwenda Nakuru, kwenye nyanda zinazotazamana na Ziwa Elementaita, kuna eneo la Kariandusi ambako mashoka ya mawe yangali yamelala palepale yalipofukuliwa. Msafara wa Louis Leakey ulifika hapa mwishoni mwa miaka ya 1920, na umri wa mashoka hayo hukadiriwa kuwa kati ya miaka 700,000 na milioni moja. Mengi ni ya lava ya kijivu, mengine ya obsidiani, kioo cheusi cha volkeno. Ukiliinamia moja kwa makini utaona pande zote mbili zimechongwa hadi zikalingana, na ncha imekaa katikati. Aliyelichonga alikuwa na jicho lililozoea kupima na mkono uliolitii.

Jicho hufundishwa. Wazazi wengi hawaambiwi hivyo wanapoingia sokoni kumtafutia mtoto kitu cha kuchezea. Muuzaji hubonyeza kitufe cha simu ya plastiki, taa zikawaka, wimbo ukaanza, mtoto akakodoa macho, na mama akafungua pochi. Lakini taa inayomwakia mtoto usoni inamfanyia kazi ambayo macho yake yangepaswa kuifanya: kutafuta, kufuata, kupima umbali.

David Hubel na Torsten Wiesel, walioshinda Tuzo ya Nobel mwaka 1981, waliwafumba paka wachanga jicho moja. Lilipofumbuliwa baada ya miezi michache lilikuwa zima, ila ubongo ulikuwa umeacha kulisikiliza. Binadamu naye ana umri wake wa kujifunza kuona, na umri huo ukipita haurudi kwa urahisi.

Mtoto mchanga huona vizuri zaidi kitu kilicho sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni mwake, takriban umbali wa kutoka titi hadi uso wa mamake. Kwa hiyo kichezeo chake cha kwanza ni uso huo, nao haununuliwi. Miaka ya 1960 mtafiti Mmarekani Robert Fantz alionyesha kwamba watoto wachanga hutazama michoro kwa muda mrefu kuliko kitu kisicho na mchoro, na kinachowavuta hasa ni utofauti mkali wa giza na mwanga. Kariandusi ina utofauti huo ardhini: obsidiani nyeusi, na hatua chache kando yake machimbo ya daiatomaiti, udongo mweupe kama unga. Hata hivyo mtoto asipewe chochote kati ya hivyo. Obsidiani hukata kama wembe, vumbi la daiatomaiti hudhuru mapafu, na mawe ya kale yanalindwa na sheria. Karatasi nyeupe iliyochorwa mistari minene kwa kalamu nyeusi inatosha kabisa.

Kuanzia miezi mitatu hadi mitano rangi zinamkolea, macho mawili yanaanza kushirikiana, na mkono unanyoshwa kufuata jicho. Hapo mpe kijiko cha mti au bangili kubwa nyekundu, ukipitishe polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Akianza kutambaa, mpira wa matambara unaobingirika unamshinda mdoli wowote wa betri, maana inabidi aukadirie uliko kabla ya kuufuata. Shanga, bano na vifuniko vya soda vikae mbali naye. Kila kitu katika umri huo huishia mdomoni.

Halafu kuna gari la waya, ambalo huenda ndilo kichezeo bora kuliko vyote vilivyowahi kutengenezwa vijijini Kenya. Mvulana hukaa chini ya mti akikunja waya kwa meno na koleo, akakata magurudumu kutoka kwa ndara chakavu, akafunga usukani mrefu unaofika kifuani. Akiunda, jicho liko sentimita chache kutoka kwenye vidole. Akiliendesha njiani, jicho linaruka kutoka gurudumu hadi kona iliyo mbele. Na yote hayo yanatendeka nje, juani. Utafiti wa Guangzhou, China, uliochapishwa mwaka 2015 uliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, walioanza kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4, dhidi ya asilimia 39.5 katika shule zisizoongezewa muda huo. Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini kabisa.

Faida nyingine ya mchezo ni kwamba humfichua mtoto asiyeona sawasawa. Shuleni kazi hiyo ya kufichua inaweza kufanywa na mwalimu. Huko Trans Nzoia, daktari wa macho Hillary Rono na wenzake waliwafunza walimu kupima wanafunzi kwa simu, kwa programu ya Peek iliyokuwa imejaribiwa Nakuru. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa kati ya watoto waliopatikana na tatizo, asilimia 54 walifika hospitalini, wakati kwa utaratibu wa kawaida ni asilimia 22 tu waliofika.

Mtoto ambaye hajaingia shule hana mwalimu wa kumpima. Mzazi amzibe jicho moja kwa kiganja wakiwa wanacheza, kisha la pili. Akitulia linapozibwa la kushoto lakini akalia na kuusukuma mkono linapozibwa la kulia, yaelekea jicho la kushoto halioni vizuri. Mzazi asingoje mtoto akue: ampeleke kliniki ya macho wiki hiyohiyo, na vivyo hivyo akiona weupe ndani ya mboni.