Diwani wa Kata na Diwani ya Mashairi

Hapa Kiomboi, ukitaja "diwani" watu wanajua unamsema nani: mtu tuliyemchagua atusemee halmashauri ya Iramba. Mtajie mwalimu wa Kiswahili neno hilohilo, naye anaweza kufikiria kitabu, mfano Diwani ya Shaaban. Diwani wa, diwani ya. Tofauti ndiyo hiyo tu.

Na wawili hawa ni ndugu kweli. Neno lilitoka Kiajemi likapitia Kiarabu, na maana yake ya zamani ni daftari. Katika karne ya 7 Khalifa Umar aliweka diwani ya majina ya waliostahili malipo ya hazina. Daftari likaja kuwa ofisi, ofisi ikawa baraza, na pwani ya Mrima madiwani wakawa watawala wa miji.

Sasa, je, asili ya neno inamfunga anayelibeba? Mimi nasema hapana. Wafaransa walilichukua hilohilo wakapata douane, yaani forodha, na Ulaya kuna kochi liitwalo divan. Asili ingekuwa amri, hata kochi tungelidai hesabu! Uholanzi nako kuna kiongozi wa mji aitwaye wethouder, mshika sheria. Jina peke yake halimzuii kuivunja.

Kinachomfunga diwani ni kura na kiapo. Asili ya neno inatupa kipimo tu. Kazi ya daftari ni kumtunza mtu asiyekuwepo. Bibi wa kijijini haingii Baraza la Madiwani kueleza kwamba darasa la wajukuu wake linavuja. Anasema kwenye mkutano wa kijiji, jambo linapanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, ndipo lifike halmashauri. Diwani akinyamaza pale, darasa halimo kwenye muhtasari wala kwenye bajeti. Bibi hajaibiwa hata senti, lakini amedhulumiwa.

Sisi tumezoea kumpima diwani kwa fulana, sukari na mchango wa msiba. Mkarimu huyo anaweza kuwa ndiye aliyenyamaza. Basi akija kwenye mkutano ujao, kabla ya vigelegele, tumuulize kwa adabu: Mheshimiwa, yale tuliyosema mwaka jana yameandikwa wapi?