Simu Kabatini, Akili Wapi?

Wasomaji wenzangu, hili swali limechosha vijiwe vyetu: je, ni haki shule kumkataza mwanafunzi simu tangu kengele ya asubuhi hadi ya mwisho? Wazee hujibu haraka: ni haki, basi. Vijana nao: eti uonevu mtupu. Mimi naona pande zote mbili zinakimbilia jibu kabla ya kulikagua swali.

Tuanze na wanaokataza, maana hoja yao ina uzito. Mshika mbili moja humponyoka. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 juu ya teknolojia katika elimu ilieleza kwamba mwanafunzi akishavurugwa mawazo, huweza kumchukua hadi dakika 20 kuyarudisha kwenye somo. Sasa piga hesabu. Kipindi katika sekondari zetu za Tanzania ni dakika 40. Ujumbe mmoja wa "mambo vipi" unaweza kula nusu nzima!

Na sisi tunaoota kuandika vitabu tunalijua hili kuliko wengine. Riwaya haisomwi kwa kudokoadokoa. Inataka ukae nayo mpaka watu wake wawe jirani zako. Asiyeweza kumaliza kurasa kumi bila kuchungulia simu, ataandikaje kurasa mia mbili?

Kwa hiyo nakubali: simu ikae kabatini. Ila hebu tujiulize, kwa sababu gani? Maana kuna makatazo ya aina mbili. Moja hulinda kitu chenye thamani. Jingine huonyesha tu nani mkubwa hapa.

Hili la pili nimeliona. Nikiwa kidato cha tatu, shule moja ya bweni, simu zilizokamatwa zilipangwa juu ya tofali mbele ya mstari wa asubuhi, zikapondwa kwa nyundo. Moja ilikuwa ya msichana aliyeiazima kwa dada yake, apate habari za mama yao aliyelazwa. Ofisini simu ilikuwepo, lakini jamani, nani angethubutu kwenda kuiomba? Wiki ileile mwalimu wetu alitoka darasani mara mbili kupokea simu yake, sisi tukabaki tunatazama ubao. Tulijifunza nini? Kusikiliza, la hasha. Tulijifunza kuficha. Kuna aliyetoboa kamusi katikati ili simu ienee ndani. Kamusi nzima, bwana!

Hapo ndipo ninapoliona jibu langu. Usikivu ni deni la pande mbili. Mwalimu anamdai mwanafunzi, na mwanafunzi naye anamdai mwalimu. Katazo linalomfunga mdogo peke yake halilindi usikivu, linalinda cheo. Mtasema mwalimu ni mtu mzima, ana majukumu. Sawa, ayashughulikie nje ya kipindi. Zile dakika 40 si zake peke yake.

Tena katazo la haki huacha mlango. Ufaransa ilipopitisha sheria yake mwaka 2018, ya kuzuia simu katika shule za msingi na madarasa ya kwanza ya sekondari, iliruhusu matumizi ya kufundishia na ya wanafunzi wenye ulemavu. Na sisi tunaweza: simu ya ofisi iwe ya kuombwa bila hofu, na iliyokamatwa arudishiwe mzazi. Ile ni mali ya mtu, pengine imenunuliwa kwa fedha za vitumbua.

Wapo watakaosema kijana afundishwe kujitawala, asifungiwe vitu. Nakubaliana nao nusu. Mtoto anayejifunza baiskeli hushikiliwa kiti kwanza, kisha huachiwa kidogokidogo. Kosa letu ni kwamba tunashika kwa nguvu miaka minne, halafu siku ya mtihani wa mwisho tunaachia ghafla, tena kwenye mteremko. Kijana anatoka getini, ananunuliwa simu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwa nini kule ndani alikatazwa.

Basi shule ikitaka kujua kama katazo lake limefaa, isihesabu simu zilizomo kabatini. Imwangalie mwanafunzi wake wakati wa likizo: yuko peke yake, simu ipo mkononi, kitabu kipo mezani, na hakuna mwalimu wa zamu. Wewe unayesoma hapa, ungeshika kipi?