Mzingile: Njia Moja au Njia Nyingi?

Katika kamusi zetu limo neno mzingile, au kwa ukamilifu wake mzingile mwambiji, lenye maana ya mahali penye njia za kuzungukazunguka zimtatizazo mpitaji. Neno hili latuletea swali la maadili ambalo sisi walimu hatuwezi kulikwepa: ni nani astahiliye sifa, aliyefika kwa kuvumilia au aliyefika kwa kuchagua?

Wayunani wa kale walisimulia kwamba katika kisiwa cha Krete fundi Daedalus alimjengea mfalme Minos jengo lenye vichochoro vingi, hata aingiaye asiweze kutoka. Humo alifungiwa Minotauro, nusu mtu nusu fahali. Kijana Theseus aliingia, akamwua, akatoka salama kwa kuufuata uzi aliopewa na Ariadne, binti wa mfalme. Lakini tuzitazame sarafu za kale za mji wa Knossos, huko huko Krete. Katika baadhi yake umechorwa mzingile wenye njia moja tu, usio na njia panda. Aifuataye hawezi kupotea, wala hana haja ya uzi.

Mzingile mashuhuri wa namna hiyo umo katika kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, uliotandazwa kwa mawe sakafuni mwanzoni mwa karne ya 13, na upana wake ni karibu mita 13. Njia yake humfikisha mtu mapema jirani na kitovu, kisha humrudisha mbali ukingoni kabla ya kumwingiza. Humo kosa ni moja tu: kukata tamaa na kugeuka nyuma. Ndivyo ulivyo wajibu wa mtu amwuguzaye mzazi wake. Hana la kuchagua. Sifa yake ni subira.

Hata hivyo, si maisha yote yaliyo hivyo. Wahenga walinena, "Kupotea njia ndiko kujua njia." Asiyeweza kupotea atafika, lakini je, ameijua njia? Mwanafunzi aandikapo "vitabu zangu", nasi tukamtajia jibu papo hapo, tumemchorea njia moja. Leo atafika, kesho, penye njia panda, atasimama.

Yafaa basi tuufikiri tena ule uzi. Haukumwonyesha Theseus pa kupita. Penye kila njia panda alichagua mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kumwezesha kurudi, ili kosa lisiwe maangamizi. Tumwulizapo mwanafunzi, "Twasema kitabu changu; je, vitabu?" twampa uzi. Kosa ni lake, na sahihisho litakuwa lake pia.

Twakiri kwamba njia hii ni ndefu, na mitihani haingoji. Lakini kumnyima mtoto nafasi ya kukosea ni kumnyima sehemu ya utu wake, kwani achaguliwaye njia siku zote hana la kulaumiwa, wala hana la kusifiwa.