Dozi Imekwisha, Maumivu Yamebaki: Nani wa Kulaumiwa?



Mada ya leo si ya kusomwa kwa sauti mbele ya watoto, lakini inagusa nyumba nyingi kuliko tunavyokiri. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 pekee kulitokea maambukizo mapya milioni 374 ya magonjwa manne ya zinaa yanayotibika: klamidia, kisonono, kaswende na trikomona. Hatuwezi kudhani kwamba yote hayo yalipita mbali na vitanda vya watu wa ndoa.

Tuwafikirie mume na mke wa kisiwa cha Pate, huko Lamu. Mume ni mvuvi wa kamba, na msimu wa kaskazi hulala dagoni siku nyingi. Anarudi akiona usaha na uchungu wakati wa kukojoa. Anatibiwa kimya kimya, anapata nafuu, mkewe haambiwi neno. Majuma mawili baadaye dalili zinarudi. Sasa mume anapandisha hasira: “Mimi nilikwisha pona. Hii umeniletea wewe!”

Je, amesema kweli? Kwa upande mmoja, ndiyo. Huenda vijidudu vimetoka kwa mkewe. Lakini ni nani aliyempelekea? Wanawake wengi wenye klamidia au kisonono hawaoni dalili yoyote. Mke aliambukizwa bila kujua, hakutibiwa kwa sababu hakuambiwa, kisha akageuzwa kuwa mshtakiwa. Hapo mwenye kosa amekuwa hakimu.

Tuendelee. Mke naye anatibiwa. Majuma matatu yanapita, bado anaumwa chini ya kitovu. Mume anauliza tena: “Umetoka wapi?” Hapa ndipo penye swali letu la maadili: je, maumivu yaliyobaki ni ushahidi wa dhambi mpya?

Hasha. Dalili zinazobaki zina sababu nyingi. Huenda dozi haikumalizwa. Huenda palikuwa na magonjwa mawili na dawa ikagusa moja tu, kwani mahali pasipo na maabara tiba hutolewa kwa kufuata dalili. Huenda dawa imeshindwa: tangu mwaka 1976 vimejulikana vijidudu vya kisonono vinavyoivunja penisilini, na baadaye dawa nyingine kadhaa zimepoteza nguvu. Huenda vijidudu vimekufa lakini vimeacha kovu katika mirija ya uzazi, na kovu huuma. Hata vipimo vina mambo yake. Aina moja ya kipimo cha damu cha kaswende huweza kuonyesha alama maisha yote, ingawa mgonjwa amepona. Tena klamidia huweza kukaa mwilini miezi mingi pasipo dalili, kwa hiyo tarehe ya maumivu si lazima iwe tarehe ya kosa.

Maambukizo mapya nayo ni sababu mojawapo, hatuwezi kuikana. Lakini uwezekano si hukumu. Asiye na hatia asihukumiwe kwa tumbo lake, na aliyekosa asijifiche nyuma ya neno “kovu”.

Wengine husema, “Nimekwisha tubu, yamekwisha.” Ndugu yangu, toba ni njema, lakini maondoleo hayaui vijidudu. Na padre aliyekusikia kitubioni hawezi kamwe kumwambia mkeo. Kinywa chake kimefungwa. Basi ukinyamaza wewe, nani atamwambia? Kumpenda mtu na kumwacha atembee na ugonjwa ulioujua ni mambo yasiyopatana.

Tupambanue faragha na siri. Faragha huwalinda wote wawili dhidi ya midomo ya kijiji. Hakuna anayewadai muwatangazie majirani. Siri humlinda mmoja, na gharama analipa mwenziwe. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Katika ndoa, anayeumbuliwa kwanza mara nyingi ni yule asiyeficha kitu.

Lakini tuseme na hili: mke anayeogopa kupigwa halazimiki kusema peke yake, usiku, mlango ukiwa umefungwa. Aanze kwa muuguzi au mtu mzima anayemwamini. Wajibu wa ukweli haudai mtu ajitie hatarini.

Basi wafanye nini? Kwanza, watibiwe wote wawili, ikiwezekana siku moja. Pili, wajizuie na tendo la ndoa hadi dozi iishe. Kama dawa ni ya mara moja, wangoje siku 7 baada ya yule wa mwisho kutibiwa, na dalili ziwe zimekwisha. Tatu, dalili zisipopungua katika siku chache, warudi hospitali, wasikimbilie duka la dawa kuongeza vidonge. Nne, waliokuwa na kisonono au klamidia wapimwe tena baada ya miezi 3. Wa kaswende warudie kipimo cha damu kama watakavyoelekezwa, mara nyingi baada ya miezi 6 na 12. Tano, mwenye homa pamoja na maumivu ya tumbo, mjamzito mwenye maumivu, au mwanamume aliyevimba korodani, asingoje kesho.

Tunajua kurudi si rahisi. Kutoka Pate hadi mji wa Lamu ni safari ya mashua, na kwa miaka mingi mlango wa Mkanda ulipitika vizuri maji yakijaa tu. Kuna nauli, kuna siku ya kazi inayopotea, na pengine muuguzi wa karibu ni binamu yako. Kwa sababu hiyo hiyo tunasema safari ya pili ina uzito wa kimaadili. Safari ya kwanza mtu huenda kwa sababu anaumwa. Ya pili huenda kwa ajili ya mwenziwe.

Mume wa mfano wetu akiuliza tena “Umetoka wapi?”, anyamaze kidogo, kisha abadili swali: “Tutaondoka na maji ya saa ngapi?” Wakae mashua moja, waingie kwa daktari pamoja, na kila mmoja ajibu anachoulizwa kwa ukweli. Pengine wataambiwa jambo gumu. Lakini watakuwa wameambiwa wakiwa wawili.