Ukimtembelea Ayubu, Keti Kwanza

Tafakari ya Jumapili ya 5 ya Mwaka B
Masomo: Ayubu 7:1-4, 6-7, Marko 1:29-39



Somo la kwanza la leo ni chungu. Ayubu anasimulia usiku wake: akilala anauliza kutakucha lini, na mpaka alfajiri kazi yake ni kugeuka huku na huku. Wengi wetu tutalisahau somo hili kabla ya kufika nyumbani. Lakini wamo katika jumuiya zetu, hapa Kalemie, watu wanaolijua kwa miili yao. Baadhi yao daktari amekwisha kuwaambia jina la mateso yao: fibromialjia.

Mwenye ugonjwa huu huumwa mwili mzima kwa miezi na miaka: shingo, mabega, mgongo, nyonga, miguu. Analala, lakini usingizi haumpumzishi. Anafika sokoni na kusahau alichofuata. Inakadiriwa kwamba duniani, katika kila watu 100, kati ya 2 na 4 wanao, na walio wengi ni wanawake. Ugonjwa huu hauui wala hauharibu viungo, ila unaweza kumwondolea mtu furaha ya kuishi. Shida yake iko katika mishipa ya fahamu na ubongo, namna vinavyopokea uchungu. Ni kama mlinzi wa usiku anayempigia paka filimbi ileile anayompigia mwizi. Mwizi hayupo, lakini filimbi inalia kweli, na nyumba nzima hailali.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksrei inayoonyesha fibromialjia. Vipimo hufanywa ili kuhakikisha kwamba hakuna ugonjwa mwingine uliojificha. Mwaka 1990 madaktari wa viungo wa Marekani waliweka utaratibu wa kubonyeza sehemu 18 za mwili. Mgonjwa alipoonekana kusikia uchungu katika 11 au zaidi, na mwili ukimuuma kotekote kwa miezi 3 au zaidi, ndipo jina lilipotajwa. Mwaka 2010 walitoa utaratibu mwingine, ambamo daktari anauliza badala ya kubonyeza: panauma wapi, unalalaje, unaamka na nguvu gani? Tazameni jambo hilo vizuri. Wasomi wa dawa, pamoja na mashine zao zote, wameishia kumsikiliza mgonjwa na kumwamini. Sisi majirani tutamdai ushahidi gani zaidi?

Na bado tunaudai. Mama anayeumwa hivi hapa kwetu huanza na dawa ya malaria, kisha ya tifoide, kisha sindano za diklofenaki, mpaka tumbo linaanza kuwaka. Wengine wanampeleka kwa mfumu, wengine kwenye chumba cha sala atabiriwe ni nani katika ukoo aliyemfunga. Siku anapopata jina la ugonjwa anadhani sasa watu watamwelewa. Anarudi nyumbani na karatasi, wanaisoma, wanasema: vipimo vyote ni vizuri, kumbe huna kitu. Jumatatu ametwanga sombe. Jumanne hawezi kuinua bidoni ya maji. Mawifi wanaulizana: si jana tulimwona sokoni? Polepole jina lake linakuwa mvivu, na maneno hayo yanamchoma kuliko mgongo.

Hapo ndipo tunakutana na rafiki za Ayubu. Elifazi, Bildadi na Sofari walitoka mbali kuja kumpa pole. Walipomwona walilia, wakaketi naye chini siku 7 mchana na usiku, bila neno (Ayubu 2:13). Hiyo ndiyo kazi njema waliyoifanya. Walipofungua midomo, wakaanza kumweleza kwa nini anaumwa: bila shaka umekosa, tubu, Mungu hamwadhibu mtu bure. Waliongea sura na sura, kwa ufasaha na kwa jina la Mungu. Mwisho wa kitabu Mungu anakasirikia nani? Ayubu aliyelalamika anahesabiwa kuwa amesema vema. Wenye maelezo ndio wanaoambiwa wakatoe sadaka, na Ayubu ndiye atakayewaombea (42:7-8). Hukumu hiyo ituogopeshe sisi tunaoongoza sala. Kumwambia mgonjwa kwamba anaumwa kwa sababu hajaungama vizuri, hajafunga vya kutosha, au shangazi yake ni mchawi, ni kurudia kosa lililokwisha kukataliwa na Mungu mwenyewe.

Injili inatuonyesha nyumba iliyofanya vizuri. Mama mkwe wa Simoni amelala na homa. Waliomo nyumbani hawamchunguzi maisha yake. Mara moja wanamwambia Yezu habari zake. Wamekuwa sauti ya mtu asiyeweza kusimama. Yezu naye anakaribia, anamshika mkono, anamwinua. Homa ikamwacha, akawahudumia. Tusilifanye neno hilo la mwisho kuwa fimbo ya kumpigia mgonjwa, eti mwenye imani huinuka na kupika bukari saa ileile. Endeleeni kusoma: asubuhi yake watu wote wa Kafarnaumu walikuwa wanamtafuta Yezu, naye akasema twende vijiji vingine. Huenda walikuwapo waliokuja wakiumwa na kumkosa. Marko hasemi popote kwamba walipungukiwa imani.

Kwetu kuna sababu nyingine ya kuwa wapole. Imeonekana kwamba walioumizwa na vita au ukatili hupatwa na fibromialjia kuliko wengine. Mji wetu umepokea maelfu waliokimbia mapigano ya Waluba na Watwa huko Nyunzu, Manono na Kabalo, hasa mwaka 2016 na 2017. Si kila aliyekimbia ana fibromialjia, na si kila mwenye fibromialjia alikimbia. Lakini mtu aliyelala porini akisikiliza risasi, mwili wake unaweza kubaki macho hata vita vikiisha. Kumwambia kwamba anajifanya ni kumjeruhi mara ya pili.

Tusitenganishe sala na dawa. Ng'ambo ya ziwa letu, huko Karema, aliishi Adrian Atiman, mtoto wa kutoka karibu na Timbuktu aliyeuzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe na kusomea udaktari Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akawa katekista na daktari mpaka kufa kwake mwaka 1956. Alifundisha sala na kutibu wagonjwa, wala hakuona vita kati ya hayo mawili. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatuagiza vivyo hivyo: omba, kisha mpe daktari nafasi yake, kwa maana naye ametoka kwa Mungu.

Basi wewe mwenye fibromialjia, usifukuzie sindano kila wiki. Madaktari wanashauri mwendo mdogo wa kila siku, kutembea kidogo na kuongeza polepole, na kulala saa ileile kila usiku. Dawa kama amitriptilini husaidia wengine. Isinywewe bila daktari kuandika kipimo chake. Kiungo kikivimba, homa ikidumu, mwili ukikonda au mguu ukilegea, rudi ukapimwe upya, maana fibromialjia haizuii ugonjwa mwingine kuingia. Na siku ya kushindwa, lalamika mbele ya Mungu kama Ayubu. Huko nako ni kusali.

Nanyi waume, mawifi, viongozi wa jumuiya na wanakwaya, wiki hii kila mmoja amtafute mgonjwa mmoja ambaye watu wamechoka kumsikia. Mchukulieni bidoni yake bila kusubiri aombe. Mwulizeni amelalaje, kisha nyamazeni asimulie mpaka amalize. Mkitaka kusema neno, liwe hili: mama, tunakuamini. Mengine yote yasubiri.